Mkoromo wa Kadzo

Nimekuwa daktari wa watoto miaka thelathini na ushei, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo sikuwahi kumtazama mgonjwa wangu akiwa amelala. Hebu fikirini. Mtoto mdogo hulala karibu nusu ya siku yake, na mimi, mwenye cheti kikubwa ukutani, nilikuwa namjua nusu iliyobaki tu. Akiletwa amelala mgongoni mwa mama yake, jambo la kwanza nililofanya ni kumwamsha. "Mwamshe mama, nimpime." Mtoto anaamka akilia, anapanua kinywa, natazama koo, naandika dawa, haya mwingine aingie. Na nikijiona hodari kweli kweli.

Nawaandikia nyinyi wanangu mnaoanza kazi hii sasa, matabibu, wauguzi na madaktari, kwa sababu mmoja wenu alikuja nyumbani kwangu hapa Malindi kunijulia hali, akaniuliza ni kosa gani ninalolikumbuka kuliko yote. Alitarajia nimweleze habari ya dawa iliyozidi kipimo. Nikamwambia kosa langu kubwa lilikuwa kicheko. Akanitazama kwa huruma, akidhani uzee umenipanda kichwani. Nikamtilia kahawa nyingine, nikamsimulia mwanzo hadi mwisho, naye akasema, "Daktari, haya yaandike." Basi nayaandika. Mwandiko wangu mnaujua, kwa hiyo mshukuru kwamba siku hizi kuna kompyuta.

Kabla sijafika kwenye kicheko, nimtaje Sista Dama, kwa kuwa bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto nilikopelekwa mara ya kwanza, Mgiriama, mama wa watu, mkali, na asiyejua kusema kwa kuzunguka. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimeinama juu ya mtoto mwenye nimonia, nahesabu pumzi kwa saa yangu mpya ya mkononi, macho yote kwenye saa.

"Saa nzuri hiyo, daktari," akasema. "Ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi wewe endelea kuitazama saa yako. Mimi nitamtazama mtoto."

Akaniweka kando, akalaza kiganja kifuani mwa yule mtoto, akaanza kupumua naye. Mtoto akivuta, naye anavuta. Akishusha, anashusha. Akaniambia, "Saa itakupa hesabu, na hesabu ni kitu kizuri. Lakini ukitaka kujua mtoto ana kazi gani, pumua naye dakika moja. Ukichoka wewe mtu mzima, jua yeye amechoka zamani." Nikajaribu. Nusu dakika haikuisha, kichwa kinazunguka, nikashika chuma cha kitanda nisianguke. Sista Dama akatangaza wodi nzima kwamba daktari mpya amezimia kwa nimonia ya mtu mwingine. Nilitaniwa kwa hilo mwezi mzima.

Njia hiyo niliitumia miaka na miaka, na nawaomba nanyi muitumie. Ila niliitumia kwa watoto walio macho tu, wenye homa na vikohozi. Haikunijia akilini kwamba mtoto aliyelala, asiye na homa, anayekoroma kwa starehe zake, naye anastahili kiganja changu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikuwa nimeinama.

Sasa tuje kwa Kadzo.

Aliletwa kliniki akiwa na miaka sita na mwili wa mtoto wa miaka minne. Wakati huo mimi na Sista Dama tulikuwa tumeshazeeka pamoja, yeye akiongoza kliniki na mimi nikijidanganya kwamba naiongoza mimi. Walitoka Ganze ndani alfajiri wakaja watatu: mtoto, mama yake, na babu yake mzaa baba, Mzee Karisa, mtu mrefu mwembamba mwenye sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya bonde. Baba wa mtoto alikuwa kibarua Mtwapa, amepanga chumba huko, nyumbani huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mwenye neno alikuwa mzee.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mke wangu anakohoa."

Nikamgeukia mama wa mtoto. Mzee akacheka sana, kumbe alikuwa akilisubiri kosa hilo tangu mlangoni. "Huyo ni mke wa mwanangu. Mke wangu ni huyu hapa," akamwekea Kadzo mkono kichwani. "Muche wangu, msalimie daktari."

Mnaotoka mbali niwaeleze. Kwa Wagiriama mtoto hupewa jina la babu au bibi yake, na anayerithi jina hurithi na utani wake. Kadzo alipewa jina la bibi yake, aliyefariki kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa hiyo Mzee Karisa alimwita mke wangu, muche wangu kwa Kigiriama, akimpa heshima zote, akimwuliza kila asubuhi ameamkaje na leo atapikiwa nini. Na mtoto akiitika kwa adabu, taratibu, kinywa wazi, macho mazito.

Nikauliza maswali yangu ya kila siku. Mafua? Hayaishi. Kikohozi? Kinakuja kinakwenda. Chakula? Anachezea tu. Nikafika kwenye lile swali ambalo wengi wetu tulilifundishwa tukaliacha lilivyo: "Na usiku, analala vizuri?"

Mzee akajinyoosha kitini. "Kulala? Daktari, anakoroma kama marehemu. Sauti ile ile! Mimi na wao tunagawana ukuta mmoja wa udongo. Marehemu alipoondoka, nyumba ilinyamaza, nikawa silali. Miaka, daktari, silali. Huyu alipotimiza mitatu, usiku mmoja nikasikia. Nikakaa kitandani nikasikiliza. Nikasema, muche wangu karudi. Tangu siku hiyo nalala."

Akaendelea kutuchekesha. Juzi Kadzo alilala amesimama kwenye foleni ya maji, ameshikilia dumu lake, watu wakampita huku wakicheka. Mwalimu anasema ni mzito, amerudishwa darasa. Kitandani bado anakojoa, "lakini hata mimi nilichelewa," akasema mzee, na hapo Sista Dama akashika mbavu. Nami nikacheka. Wanangu, dalili zote zilikuwa mezani mwangu, zimepangwa moja baada ya nyingine, na mimi nacheka.

Kicheko chenyewe kingesameheka. Kilichonishinda kumeza hadi leo ni maneno niliyoongeza. Nilimwambia, "Basi mzee, mshukuru Mungu. Wengine wakifiwa hawarudishiwi kitu." Nikaandika dawa ya kikohozi na antibiotiki. Mama wa mtoto alifungua kinywa kutaka kusema, akamtazama baba mkwe wake, akakifunga. Nilimwona. Foleni ilikuwa imefika kwenye geti, nikamwacha aende.

Miezi mitatu hivi ikapita. Tukaitwa semina Kilifi, madaktari wa watoto wa pwani yote, kwenye hoteli. Niseme kweli, nilikwenda kwa ajili ya biriani. Akasimama daktari kijana, msichana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, akauliza, "Nani hapa huuliza mtoto analalaje?" Mikono ikapanda, wangu mmojawapo. "Mnauliza vipi?" Tukajibu: analala vizuri? "Na mnajibiwa nini?" Vizuri. Ukumbi ukacheka. Akauliza, "Na wakisema anakoroma?" Mzee mmoja mwenzangu akajibu kwa kujiamini, "Tunawaambia amelala fofofo."

Yule binti hakumcheka. Akatuonyesha filamu fupi ya mtoto aliyelala. Mtoto anakoroma, halafu kimya. Kifua kinabonyea, tumbo linapanda, kila kiungo kinavuta, na hewa haipiti. Kimya kikaendelea mpaka watu ukumbini wakaanza kujisogeza vitini. Kisha mtoto akakurupuka, akakoroma tena, akalala. Akatueleza kwamba tezi za kooni, hizi tunazoziita tonsili, na vinyama vya nyuma ya pua vikivimba, njia ya pumzi huwa nyembamba. Mchana misuli inaishikilia. Usingizini misuli inalegea na njia inajifunga. Mtoto anapigania pumzi usiku kucha, asubuhi hakumbuki lolote. Hakui, kwa kuwa nguvu zake zimeishia huko. Anakojoa kitandani. Darasani anasinzia, au anakuwa mtundu asiyekalika, na anachapwa kwa ugonjwa. Ukimwacha miaka, hata moyo unachoka.

Mimi nilikuwa sioni tena mtoto wa kwenye filamu. Nilikuwa namwona Kadzo na dumu lake. Biriani ikaja, nikaitazama, nikaomba maji.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, kwa kuwa najua mtataka kujua tangu hapo nimeuliza vipi. Sikuuliza tena "analala vizuri", kwa kuwa kila mama atakujibu vizuri, asije akaonekana hajui kulea. Wala "anakoroma" peke yake haitoshi. Mwenye mafua atakoroma siku mbili tatu na kuacha. Unamtafuta anayekoroma siku nyingi kuliko asizokoroma, hata bila mafua. Kisha muulize yule anayelala naye chumba kimoja, si yule mwenye sauti kubwa: "Kuna wakati unanyamaza ukimsubiri avute pumzi?" Mama asiye na tatizo hilo ataona umeuliza upuuzi. Mwenye nalo atakutazama kama uliyeingia chumbani kwake. Uliza analala vipi, shingo imerudi nyuma? Ameketi? Mto una jasho? Halafu omba wamchukue video kwa simu, kifua wazi, taa inawaka, dakika mbili zinatosha.

Na video hiyo itazameni kwa macho, msiisikilize tu. Mama mmoja wa Takaungu aliniletea yake, mkoromo ulitikisa simu mkononi. Nikashika kalamu kumwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sista Dama akachungulia begani mwangu, akasema, "Daktari, kinywa cha mtoto kimefungwa." Tukatazama upya. Mtoto amelala kimya kwenye ukingo wa kitanda, malaika wa watu. Aliyekuwa akikoroma ni baba yake, nje ya picha. Mama akaona haya mpaka akajifunika leso usoni. Nikaiandika barua ile ile, nikabadilisha jina na kuipeleka kwa daktari wa watu wazima, na yule bwana mpaka leo akiniona sokoni huvuka barabara.

Turudi Ganze. Kutoka semina nilituma ujumbe kwa mhudumu wa afya wa kijijini kwao, nikiomba Kadzo aletwe. Wiki haikuisha, wakaja wote watatu. Mzee Karisa alikuwa amebeba kuku jike, miguu imefungwa kwa ukambaa.

"Huyu ni wa lile neno lako," akasema, akiniwekea mezani juu ya faili. "Nimewaambia watu wote. Daktari mwenyewe, tena Mwislamu wa Mambrui asiye na ujamaa nasi, kasema nimerudishiwa mke."

Ningependa angekuja na fimbo. Nikamketisha, nikamweleza kila kitu, pole pole, na picha nikamchorea. Nikamwambia mtoto anahitaji kuondolewa tezi zile na vinyama vile, kwa kupitia kinywani, shingo haiguswi. Alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, na hilo lilinitisha zaidi.

Alipoona nimemaliza, akauliza, "Nani alisema nimshukuru Mungu?"

"Ni mimi, mzee."

"Na cheti hiki kilikuwa hapa ukutani siku ile?"

"Kilikuwepo."

"Basi nikuamini wa siku ipi?"

Sista Dama alikuwa ametazama dari. Mzee akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Mkimtoa hivyo vitu, ile sauti itaondoka?"

"Itaondoka, inshallah."

"Basi unaniomba nimzike mke wangu mara ya pili."

Nikahisi aibu, wanangu, aibu ya kweli, maana ile sauti aliipenda tangu zamani lakini mimi ndiye niliyeitia baraka. Nikamgeukia mama wa mtoto, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa swali. "Mama, wewe ndiye unayelala naye. Kuna wakati unanyamaza ukimsubiri avute pumzi?"

Alitazama sakafu kwanza. "Namkalisha," akasema. "Kila usiku namkalisha, namshika shingo, mpaka avute. Nikisinzia naogopa."

Mzee akamgeukia. "Hukuniambia."

"Baba, ulikuwa na furaha."

Kuku akapapatika juu ya faili. Lakini msidhani mzee alilainika hapo hapo. Akasema wanawake wana hofu nyingi, na watoto wote hujigeuza usiku, na akaanza kutafuta kofia yake. Angetoka na mtoto yule nisingemwona tena, nilijua. Baba yake wa Mtwapa nilikwisha kumpigia simu, naye alinijibu kwa heshima kwamba mzee akisema, yeye hana neno.

Sista Dama ndiye aliyetuokoa. Akasema kwa Kigiriama, na mimi nilielewa nusu, kwamba mgeni haondoki na njaa, na kwamba yeye amepika. Alikuwa hajapika kitu. Alitoka mbio kwa mama ntilie wa nje ya geti akarudi na wali wa nazi na maharagwe. Wakala. Ilikuwa saa nane mchana, joto la Malindi mnalijua, na mtoto aliyeamshwa alfajiri kisha akashiba wali hana ujanja. Kadzo akalala kwenye mkeka katika chumba chetu cha mizani.

Mzee Karisa alikuwa hajawahi kumtazama amelala. Usiku alimsikia kupitia ukutani, gizani. Alfajiri yuko shambani kabla ya jogoo. Sasa mkoromo ukaanza, na uso wake ukafunguka. "Ndio huu," akanong'ona. "Sikieni. Ndio huu."

"Mzee," akasema Sista Dama, "kaa hapa chini. Weka mkono kifuani mwake. Haya, sasa pumua naye. Akivuta, vuta. Akishusha, shusha. Akinyamaza, nawe nyamaza."

Akakaa, akaweka ule mkono wake mkubwa wa jembe juu ya kifua kidogo. Wakapumua pamoja, yeye bado akitabasamu. Kisha mkoromo ukakatika. Mzee naye akakata. Tukangoja. Chini ya kiganja chake kifua cha mtoto kilikuwa kinabonyea na tumbo linapigana, na hakuna kilichopita. Nilimwona mzee anakaza shingo, mishipa inatoka, ananitazama, hataki kushindwa na mtoto. Akashindwa. Pumzi ikamtoka kwa kishindo, akavuta nyingine kwa pupa. Kadzo alikuwa bado kimya.

"Mbona yeye bado?" akasema mzee. "Daktari, mbona bado?"

Kadzo akakurupuka, akavuta hewa kwa nguvu, akageuka, akakoroma. Mzee hakuondoa mkono. Ikatokea tena, naye akakata pumzi tena, bila mimi kumwambia. Mara ya tatu hakungoja. Alimwinua yule mtoto, akamkalisha, akamshika shingo vile vile alivyosema mkwewe, na mama mtu alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

Kisha mzee akasema, akiwa bado amemshikilia mtoto, "Marehemu alikuwa akikata hivi hivi. Mimi nikimsukuma kwa kiwiko, namwambia geuka. Miaka arobaini. Nilidhani anastarehe."

Sikumwambia kitu juu ya marehemu. Sikumpima, sikumjua, na nawausia, msimpe mfiwa maneno msiyo na hakika nayo, nilishayatoa ya kutosha. Sista Dama, jabali yule, alilia waziwazi, na mimi nililia naye. Mzee peke yake hakulia. Akamwambia mkwewe, "Mpigie mumeo. Mwambie nimesema apelekwe." Kisha, kama aliyesahau, akaongeza, "Na wewe nenda ukalale kidogo. Nitamshika mimi."

Yule mama akajilaza pembeni ya mkeka ule ule, akalala mpaka alasiri. Nikafunga chumba cha mizani, nikapima watoto kwa mizani ya kuning'iniza mtini, nje. Na kama mkubwa yeyote angeniuliza, Sista Dama alikuwa tayari na uongo wake.

Akapelekwa hospitali kubwa. Barua niliiandika ndefu, na juu yake, kwa herufi kubwa, nikamwambia daktari wa nusukaputi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kukatwa, kwamba mtoto huyu hukata pumzi akilala. Msiache kuliandika hilo kamwe, na ombeni akae chini ya macho ya wauguzi usiku wa kwanza, kwa kuwa koo likiwa bado limevimba hatari haijaondoka. Kila kitu kikaenda salama, alhamdulillahi. Wakaruhusiwa na maagizo: uji uliopoa, maji ya dafu, aiskrimu. Mzee Karisa akasema mgonjwa hawezi kula aiskrimu peke yake, ni vibaya kwa desturi, na akala naye kila siku. Kuku alibaki kwa Sista Dama, akataga kwa fujo.

Walirudi kupima uzito baada ya miezi minne. Niliwaona tangu getini. Kadzo ametangulia, kinywa kimefungwa, anatembea kwa haraka zake, na nyuma yake babu yake amebeba mkoba wa mtoto na kitabu cha kliniki. Mama yake alikuwa amenawiri, kwanza sikumtambua, nikadhani ni mdogo wake. Mtoto akapanda kwenye mizani bila kuombwa, nami nikasoma namba nikamwita Sista Dama aje aisome na yeye, tukafurahi mpaka tukashikana mikono.

Mzee akajitupa kitini. "Nimekuja kushtaki," akasema.

"Nani, mzee?"

"Huyo. Kanifichia tumbako yangu, ati inanuka. Nisiingie ndani na miguu ya shambani. Juzi nimekuja na wageni wangu, watu wazima wenzangu, akaniambia mbele yao nimerudia hadithi ile ile mara tatu. Jana nimeongeza sukari kwenye chai, kaniondolea kikombe mkononi. Daktari, mtoto wa miaka sita."

"Na usiku?"

"Usiku kimya. Siku za mwanzo nilikuwa nikienda mlangoni kwao kusikiliza kama yuko hai." Akamtazama Kadzo, ambaye alikuwa anamwelekeza Sista Dama namna ya kuandika jina lake vizuri. Kisha akaniegemea mezani, sauti chini. "Nikwambie kitu. Marehemu alikoroma usiku tu. Mchana kutwa alinigombeza, tangu siku ya harusi mpaka siku aliyofariki. Nilishika mkoromo kwa sababu ndio uliokuwa umebaki. Kumbe huyu mwenzangu alikuwa hana nguvu za kunigombeza, daktari. Alikuwa amechoka."

Alikuwa anacheka na kufuta macho kwa upande wa kiganja, na mimi vivyo hivyo, wala hakuna aliyemwonea mwenzake haya.

"Tsawe," Kadzo akamwita babu yake kutoka mlangoni, "unamchelewesha daktari, watu wanangoja. Vaa viatu twende."

Mzee Karisa akavaa viatu vyake upesi upesi, akachukua mkoba, akamfuata, wala hakuniaga.